Baba Hamdiya Apima Kimya cha Mwali

Wanawake wenzangu, mume akikwambia anakwenda kusoma Jumamosi, muulize anasoma nini. Mimi sikuuliza. Wangu, Abdulghafur, dereva wa lori, alijiandikisha chuo karibu na hapa Mansfield, huku ughaibuni, mwaka 2003, akafundishwa habari za Wazungu wa miaka mia nne nyuma. Eti walichoka kuamini jambo kwa sababu tu mkubwa kasema. Wakawa wanalijaribu wenyewe mbele ya mashahidi, na mashahidi wakitia saini. Wiki hiyohiyo akapanda juu ya paa, akaangusha boga na limau kwa pamoja, aone lipi litatangulia kufika chini. Majirani wawili wakatia saini. Nikasema haya, yatapita.

Hayakupita. Mwezi wa nane ikaja posa ya binti yetu Hamdiya. Mposaji ni Ubeid, nesi wa Pearland, kijana safi, nilimtaka mno. Kaja na mamake, Bi Hadiya, na Shehe Abdulbasit. Shehe akamuuliza Hamdiya kama ameridhia. Mtoto kainamisha kichwa, kimya.

"Kanyamaza, basi karidhia," akasema shehe. Mimi mdomo tayari kwa kigelegele.

"Ngoja," akasema mume wangu, daftari mkononi. "Nani amelijaribu hilo?"

"Bwana we," shehe akamjibu, "watu wameoana hivi tangu zamani!"

"Na tangu zamani walisema jua linaizunguka dunia." Akamgeukia mtoto. "Hamdiya, mwanangu, umeridhia kuolewa na friji?"

Kimya.

"Karidhia friji," akaandika. "Na meza je?"

Kimya.

"Na Shehe Abdulbasit?"

Kimya. Shehe akakohoa, akasogeza kiti nyuma.

Bi Hadiya akaja juu. "Friji ina nini asicho nacho mwanangu?"

"Bado hatujui, Bi Hadiya. Ndiyo maana tunapima."

Nikamfinya Hamdiya paja. "Sema ndiyo, mama, utuokoe!"

"Usimguse! Utaharibu jaribio!"

Hapo Hamdiya akainua kichwa. "Simtaki Ubeid. Tangu siku ya kwanza simtaki. Mnaniuliza, halafu mnajijibu wenyewe."

"Mmesikia?" Abdulghafur akaruka kama aliyepata mtoto wa kiume. "Alikuwa kanyamaza, na hataki! Tieni saini!"

Ubeid, aliyezoea makaratasi ya hospitali, akatia saini wa kwanza, na tarehe juu. Bi Hadiya akabeba sinia lake la halua, akatoka nalo bila kuaga.

Nililia mpaka macho yakavimba. Nikadhani yameishia hapo. Mume wangu akaja akakaa karibu yangu, akafungua ukurasa mpya.

"Mama Hamdiya, siku ile Tanga walipokuuliza juu yangu, ulinyamaza. Ulikuwa unanitaka?"

Miaka ishirini na miwili hiyo, jamani, na watoto wanne! Nikaangalia zulia.

Mpaka leo sijamjibu. Na yeye, masikini, hathubutu tena kuandika kwamba nimeridhia.