Maoni Mengine, Kama Yapo

Wenzake chuoni walimwita Gavana, kama yule wa Benki Kuu, kwa sababu katika miaka mitatu ya kusomea benki na fedha hakuwahi kukosa la kusema kuhusu riba. Siku ya kutetea utafiti wake aliingia kifua mbele. Akivuka hapo, mwezi ujao anavaa joho. Akikwama anarudia mwaka, na ada ya mwaka mwingine kwao haikuwepo.

Utafiti wenyewe uliuliza kwa nini wanawake wa soko la mitumba hawaweki akiba benki. Alikuwa amempa shangazi yake, muuza mashati sokoni humo, madodoso sitini awagawie wenzake. Yalirudi baada ya siku mbili, yote sitini, hakuna lililokunjika hata pembe. Mtu mwingine angeshtuka. Gavana alimshukuru Mungu, akaingiza majibu kwenye kompyuta, akachora grafu za rangi nne.

Jopo lilikuwa la watu watatu, lakini aliyetisha ni mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkaguzi wa benki kabla ya kufundisha. Aliomba madodoso yenyewe, akayapekua polepole kama anayechambua mchele.

"Wote sitini wanaiamini benki 'kabisa'," alisema. "Na wote sitini hawana akaunti. Hilo halikukusumbua?"

"Hilo ndilo pengo la utafiti, mwalimu."

"Haya. Nisomee majibu ya swali la mwisho, lile la maoni mengine, kama yapo."

Gavana akasoma la kwanza. "'Mtoto huyu amesoma kwa taabu, mpeni digrii yake.'" La pili akalisoma kwa sauti ya chini zaidi. "'Ana adabu sana. Afaulu.'" La tatu lilikuwa la wino mwekundu. "'Mimi simjui, lakini nasikia ana bidii.'"

Mjumbe mmoja akakohoa ndani ya leso. Mwandiko ulikuwa mmoja. Shangazi alikumbuka kubadilisha kalamu, mkono akausahau. Nia njema ni tabibu, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya jopo.

"Hukuyasoma haya?"

"Kompyuta inataka namba tu, mwalimu. Maoni hayakuwa na pa kuingia."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilimharibia kuliko uongo.

"Nani amejaza?"

"Shangazi yangu. Lakini kosa ni langu, sikwenda mwenyewe."

Walimtoa nje, wakamwita tena. Alipewa wiki mbili alete majibu ya kweli, la sivyo arudie mwaka.

Alifika sokoni amefura. Shangazi alikuwa anatundika mashati, na hata salamu hakungoja.

"Tumefaulu?"

"Shangazi, mbona hukuwagawia watu?"

"Niliwagawia, mwanangu. Meza kwa meza. Wakanirudishia karatasi zote tupu. Sasa ningekuacha uaibike?"

"Walikataa kwa nini?"

Shangazi akashughulika na kifungo cha shati ambacho hakikuwa na shida yoyote. "Achana nayo."

"Shangazi, niambie."

"Walisema mambo yetu tusimwambie. Huyo sasa ni mtu wa benki."

Gavana akaenda meza ya pili. Muuza viatu mwenye meza hiyo alikuwa amemlea nusu. Utotoni, Gavana alipochoka kushinda sokoni na shangazi, alilala chini ya meza hiyo na kula kwenye sahani ya mwenye meza. Mama yule aliinuka, akamkumbatia kwa nguvu, akamwita mwanangu, akamuuliza habari za masomo. Akampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Huku anacheka, kwa mkono wa kushoto akakivuta kipochi chake cha hela, akakiweka nyuma ya mgongo.

Ilimuuma Gavana kuliko jopo zima. Akakaa, akafungua daftari, akaandika alichokiona, jibu lake la kwanza la kweli.