Karai Halioni Vumbi

Kaka yangu alikuwa muoshaji. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye ubao wa mteremko akimwagia maji mawe yaliyosagwa. Dhahabu, kwa uzito wake, inanasa kwenye blanketi lililotandikwa ubaoni. Mchanga mwepesi unateleza mpaka kwenye lundo tunaloliita marudio.

Kisha tajiri mwenye machimbo akaamuru kinu kisage mara mbili, jiwe liwe laini kama poda. Kaka akamwambia nyapara, "Mkuu, ukisaga hivyo dhahabu inakuwa vumbi. Vumbi halizami, linachukuliwa na maji."

"Dhahabu nzito kuliko dhambi zako, itachukuliwaje? Osha, profesa!"

Siku ya tatu blanketi likakung'utwa. Haikutoka hata ya kujaza ukucha. Nyapara akasema kaka kaimeza. Wanaume wanne wakamlaza chini, wakamnywesha maji ya chumvi mpaka akatapika damu, wakayachokora matapishi kwa kijiti. Hamna.

"Imo kwenye marudio!" nikapiga kelele. "Pimeni!"

"Haya, dada. Nisipoiona, mkono wake halali yangu. Umekubali?"

Nikakubali. Mimi, kwa kinywa changu.

Akachota marudio, akalizungusha karai mwenyewe, watu wote wakitazama. Maji yakatoka, mchanga mwepesi ukatoka, ukabaki ule mweusi mtupu. Ndipo nilipojua nilichofanya. Karai nalo linatenga kwa uzito, sawa na ule ubao. Kinachoponyoka kule kinaponyoka na huku. Nilikuwa nimemwita kipofu aje kumtolea ushahidi kipofu mwenzake.

Mkono wa kulia wakauweka juu ya jiwe. Nyundo ikashuka mara tano, kidole kwa kidole. Waliomshika mabega nawajua mmoja mmoja. Watoto wao wananiamkia mpaka leo.

Wiki haikuisha, lori likaja kuzoa marudio. Nikamuuliza dereva, mchanga mtupu unakwenda wapi?

"Mtupu? Dada'angu, unakwenda kwenye matangi ya sumu. Sumu haijali uzito, inayeyusha hata vumbi. Kwani tajiri wenu kasagisha hivyo kwa nini? Nyinyi mkose, yeye apate."

"Na nyapara anajua?"

"Si ndiye aliyenipigia simu."

Nilipita banda kwa banda nikiyasema hayo. Waoshaji wakatoka na sepetu zao. Dereva aliliacha lori, akatimua mbio. Nyapara tulimvuta miguu kutoka chini ya lori alikojificha, tukamzamisha uso kwenye marudio mpaka akayatafuna. Meno mawili yakabaki humo.

Kaka akaja, mkono umefungwa matambara. Nikampa sepetu. Akaisukuma kando, akachuchumaa.

"Mwizi nani?"

"Si wewe."

"Waambie wao."

Nyapara akatema mchanga na damu. "Hakuiba."

"Sauti!" tukafoka.

"Hakuiba! Tulijua! Tulijua tangu mwanzo!"

Kaka akasimama, akajipangusa magoti, akaenda zake nyumbani.

Sisi hatukwenda.