Uzi wa Ute kwenye Shina la Boga

Spika, mke wa kinyozi, hakuwa mtu wa kuugulia ndani. Jina hilo majirani walimpa kwa sababu habari ikishamfikia yeye, mtaa mzima umeipata, hata aliyelala. Kwa hiyo mche wa tatu wa maboga uliponyauka nyuma ya nyumba, alisimama uwani na kisu cha jikoni mkononi akaita watu. Akaja fundi cherehani wa nyumba ya pili, tepu bado shingoni. Akaja muuza genge, ambaye penye ugomvi hakosi. Kinyozi mwenyewe alitoka shingo imemwingia mabegani, maana alijua anayetafutwa ni dada yake.

Huyo dada alirudi pale baada ya ndoa yake kuvunjika, akapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia maboga. Hakuwa na pengine pa kuweka kichwa. Yeye na Spika hawakuiva chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Mmoja akifagia, mwingine anafagia upya. Sasa Spika alikuwa amepata la kumtolea. Akawaeleza watu kwamba wifi yake anachemsha maji ya kufulia, akimaliza anayamwaga dirishani juu ya mashina, makusudi, kwa kijicho tu. Alikuwa ameshambana mumewe achague, na mume kwa kuchoka akasema likithibitika, dada anaondoka leo leo.

Fundi, ambaye naye alikuwa na maboga yake upande wa pili wa uzio, akauliza kwa upole kama huenda ni ugonjwa.

Spika nusura acheke. Ugonjwa amuulize yeye? Kwenye mafunzo ya bibi shamba alikwenda kwa ajili ya soda na umbea, lakini masikio hakuyaacha nyumbani. Ule unga mweupe unaotambaa juu ya majani aliwahi kuuzima mwenyewe, kwa kupunguza majani hewa ipite. Mche uliojikunja na kutoka mabaka ya kijani na njano aliung'oa bila huruma. Na huku kunyauka nako kuna kipimo chake: unakata shina, unagusanisha ncha mbili, unazitenganisha taratibu. Ugonjwa ukiwepo, ute unavutika kama uzi.

“Hapa hamtaona uzi,” alisema. “Mtaona maji ya moto ya mtu.”

Wifi alikuwa kizingitini, mikono kifuani. “Kata,” alisema.

Spika akachuchumaa, akakata, akabana ncha kwa ncha, akavuta. Uzi ukatokea. Mwembamba, unang'aa, ukarefuka kati ya vipande viwili wala usikatike. Akakata pengine. Uzi tena, mrefu kuliko wa kwanza. Muuza genge akasogeza uso karibu kama mtu aliyeangusha sindano.

Damu ilimpanda Spika hadi masikioni. Mbawakawa wa njano wenye mistari, wale wanaoubeba ugonjwa huo mche hadi mche, walikuwa wakijitembelea juu ya majani, na wala hawakuja leo. Jani lililotobolewa ndilo lililolegea kwanza, kisha tawi, kisha mche wote. Maji ya moto yangeunguza vyote kwa mpigo. Hilo alilijua tangu mche wa kwanza, hasira ikalikalia. Alitamani amkasirikie mdudu, au mumewe aliyeanza kutabasamu, lakini kila alikoigeuza hasira ilimrudia mwenyewe.

Fundi akakumbuka ameacha pasi inawaka.

“Kaa, fundi,” alisema wifi. “Mlikuja kuniona natolewa. Kaeni.” Kisha akamgeukia mwenye kisu. “Hukunivuta pembeni kunichafua, wifi. Usinivute pembeni kunisafisha.”

Spika akasema. Alisema chini chini, kama anayetafuna, kwamba amemsingizia.

“Wa nyuma hawajasikia.”

Hakukuwa na wa nyuma. Lakini Spika akapandisha sauti ile iliyompa jina, akasema amemsingizia mtoto wa watu, maji yake hayana kosa. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, akamvaa fundi kwa ukali uleule: akakague maboga yake leo, miche michanga aifunike kwa neti hadi itoe maua, na ulionyauka asiuhangaikie, dawa hauna, ni kung'oa na kuchoma.

Kinyozi akashauri yenye matunda yaachwe kwanza yakomae. Mkewe akamuuliza kama mbawakawa watamwomba yeye ruhusa ya kuhamia kwa jirani, kisha akaanza kung'oa. Maboga machanga yakawa yanagonga chini moja moja. Hakuna aliyemsaidia. Wifi alijikalisha pale pale kizingitini, akamtazama.

“Rudi ndani basi, wifi,” Spika alisema bila kuinua uso. “Yameisha.”

“Sikutoka,” wifi akajibu.

Spika akakamata tawi lililokuwa limeshavuka uzio kwenda kwa fundi, akalivuta kwa nguvu zake zote. Likamkatikia mkononi. Akainama kuchimbua mzizi.