Taa ya Mama Waithaka

Memsabu alitaka taa za zamani. Si za kuwasha. Stima ilikuwa imeshaingizwa nyumbani kwake kule Milimani, hata chooni. Alitaka za kuning'iniza tu barazani, ziwafurahishe wageni waliokuja kutoka Naivasha kunywa chai. Basi akamtuma Naliaka, yaya wake, kwa Jonah muuza vyuma vikuukuu.

"Wewe nachagua muzuri," akamwambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Ya chuma. Ya mzee."

Naliaka akachagua kama mtu anayechagua mbuzi wa mahari. Aligonga kila tumbo la taa asikie kama limeoza, akapandisha tambi na kuzishusha, akakataa kila yenye kioo kilichopasuka. Akarudi na tatu za chemli, akazisugua kwa majivu mpaka ukajiona uso humo. Kisha akazipanga barazani, akasogea nyuma kidogo, akatabasamu.

Memsabu alishika kichwa. "Wewe naharibu! Kutu iko wapi? Mimi nataka kutu! Nataka ile napigwa-pigwa!"

Naliaka alibaki na kitambaa mkononi. Kwao Kimilili, na hata pale landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli alikoishi na mumewe Khaemba, taa chafu ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Mgeni akiona kioo kina masizi, anajua hata sufuria haikuoshwa vizuri. Na hapa uchafu ndio urembo! Watu wamelelewa vipi, alijiuliza, mpaka umaskini wa wenzao wanautundika barazani kama maua?

Jumamosi Memsabu akaenda mwenyewe kwa Jonah, na Naliaka nyuma yake, mtoto wake Nekesa mgongoni.

"Ah, Mama Nekesa!" Jonah akaita. "Leo umeniletea mwenye macho. Juzi ulinichagulia kama unaenda kupika nazo."

"Nyamaza, wewe. Taa kama haiwaki ni kopo."

Jonah akacheka, akavuta turubai. Chini yake palikuwa na rundo la taa, viti, mabeseni, hata susu ya mtoto. Memsabu akachutama, akaanza kuchambua. Naliaka naye alikuwa akitazama tu, mpaka macho yake yakagota.

Taa ile aliijua. Mkono wake ulikuwa umefungwa waya, na waya umezungushiwa uzi mwekundu wa sweta ili usikate vidole. Ubavuni palikuwa na kiraka cha kopo la majani ya chai, na maua ya kopo yalikuwa bado yanaonekana. Ilikuwa ya Mama Waithaka, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ndiyo iliyomulika Nekesa akizaliwa, kwa sababu koroboi ya Naliaka ilizimwa na upepo na mkunga hakuona anachoshika. Asubuhi Mama Waithaka aliichukua taa yake ikiwa kavu, akicheka. "Siku za uzazi zikiisha, ukitoka nje na mtoto, utaniletea mafuta, wewe." Pale landhi ndivyo ilivyokuwa: taa ya kuazima hairudi kavu. Mwenye kuirudisha kavu ni kama amemwambia mwenyewe akalale gizani.

Naliaka hakuwahi kuyapeleka mafuta hayo. Kabla hajatoka, askari walikuja na malori. Ilikuwa Hali ya Hatari, na Wakikuyu wote wa landhi ile, Mama Waithaka kati yao, walipandishwa pamoja na watoto wao, vitu vikabaki.

"Jonah, hii umeitoa wapi?"

"Mnadani. Nilinunua kama watu wengine."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe kapanda lori. Na taa haina kabila, mama." Akamsogelea, sauti akaishusha. "Hata hivyo siku ile si ulikuwapo? Ulisema nini?"

Siku ile Naliaka alikuwa nyuma ya mlango, amemkumbatia mtoto, mkono ameuweka juu ya kinywa chake mwenyewe. Uso ukamwaka moto. Na wakati huohuo Memsabu akainuka na taa ileile, akaigeuza huku na huku kama mtoto aliyepata mwanasesere.

"Hii! Hii ndiyo! Angalia hii kiraka!"

Akailipia, wakarudi nyumbani. Walipofika, Memsabu akamwita Kosgei wa bustani alete nyundo na msumari. "Naliaka, wewe napiga tundu hapa chini, maji natoka. Nataka panda maua."

"Memsabu, hii taa naijua. Mwenyewe alikuwa jirani yangu. Nipe nimwekee."

"Nani? Ile watu?" Memsabu akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Ile watu mubaya. Hapana rudi."

"Mbaya? Huyo ndiye aliyemmulikia mtoto wangu akizaliwa! Ubaya wake ni upi, Memsabu? Uniambie mmoja tu."

"Wewe hapana uliza. Wewe piga tundu." Akaingia ndani kuoga.

Naliaka akabaki na msumari mkononi. Alipima neno la Jonah, akapima na hili la Memsabu, akaona moja ni mtoto wa lingine. Siku ile alinyamaza. Leo akinyamaza tena, ataitoboa kwa mkono wake mwenyewe taa iliyomulika damu yake. Msumari akauchoma kwenye mkunjo wa leso.

"Kosgei, niletee majivu."

"Majivu? Dada, utafukuzwa!"

"Leta, na chokaa kidogo. Na ukae hapohapo, uwe na macho na masikio."

Akaketi kwenye ngazi za mbele, mahali ambapo yaya hakai, akasugua. Alisugua kwa hasira, ila kwenye kiraka alipita polepole asifute maua. Kutu ikaanguka sakafuni. Bati likaanza kung'aa, kioo kikawa kama maji ya mtungi. Nekesa alikuwa akinyoosha vidole mgongoni, akitaka kukishika kile kinachometameta.

Memsabu akatoka na taulo kichwani. Alipoona, mlio wake ulimtoa hata mbwa uvunguni.

"Naharibu tena! Naharibu kusudi!"

"Ndiyo, Memsabu. Kusudi."

"Tupa! Tupa takataka, na wewe enda!"

"Niitupe?"

"Tupa!"

Naliaka akamgeukia Kosgei. "Umesikia, ndugu yangu. Sikuiba. Nimeambiwa niitupe."

Kosgei akainamia jembe lake, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Nimesikia, dada. Masikio yote mawili."

Naliaka akateremka Milimani kwa njia kubwa, mchana kweupe, taa mkononi. Khaemba atauliza habari ya kazi, na ataambiwa. Langoni pa landhi alimkuta Akoth, muuza mafuta ya taa, ameketi na pipa lake.

"Mama Nekesa! Jua lote hili, unamwashia nani?"

Naliaka alikaa chini, akachomoa ule msumari kwenye leso, na juu ya kifuniko cha taa akakwaruza, taratibu, herufi moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni: MAMA WAITHAKA. Herufi ya mwisho ilipinda kidogo. Akaipuliza vumbi.

Akoth aliinama akatazama. Kusoma hakujua, lakini kiraka cha maua alikijua. Kicheko kikamwisha.

"Jaza," Naliaka akasema. "Mpaka shingoni."