Ishirini na Tano kwa Jiwe la Tufo

Nilikuwa bingwa wa kukataa alama. Kwetu chuoni mtihani ni wa mdomo, mbele ya yeyote anayetaka kukaa na kusikiliza, na alama usiyoipenda unaikataa, unarudi kikao kijacho. Mimi Noemi nilishakataa ishirini na sita mara mbili bila kupepesa jicho. Nilitaka thelathini juu ya thelathini, maana Mama alikwisha kulitangazia jengo letu lote, ghorofa tano, kwamba nitahitimu kwa sifa kamili.

Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa wa mawe, kwa Profesa Lozupone. Nilikikariri kitabu chake kurasa zote, na siku hiyo nikamwaga maneno kama bomba lililopasuka. Alinisikiliza akijikuna kidevu, halafu akanisukumia kipande cha jiwe la njano.

"Na hili?"

Nikaligeuzageuza mkononi.

"Hili halina namba ya ukurasa, eh?"

Waliokaa nyuma wakacheka. Kumbe lilikuwa tufo, jiwe la ukuta wa jikoni kwa babu yangu, ukuta nilioegemea utoto wangu wote! Akanipa ishirini na saba.

"Nakataa," nikasema.

"Haya, binti. Njoo Februari. Ila usiniletee kitabu changu tena. Nakijua, nilikiandika mwenyewe."

Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikaenda kwa Babu Colino, aliyechonga mawe miaka arobaini nje ya mji wa Bari.

"Miaka mitatu chuoni na tufo hulijui?" Alicheka mpaka akapaliwa na mkate. "Wanawafundisha nini huko, kuvaa miwani?"

Tangu hapo kila Jumapili alinipeleka kwenye machimbo yake ya zamani. Alinifundisha kuligonga jiwe na kulisikiliza, kulionja kwa ulimi, kupapasa na kuzipata kombe za baharini zilizoganda ndani yake. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo hakuna mtahini aliyeniuliza. Bahari ilifikaje huku? Iliondoka lini? Nilikirudia kitabu kutafuta majibu, na kitabu kilekile kilichonichosha sasa kikawa kitamu. Hakuna thelathini iliyowahi kunifurahisha hivyo.

Februari Profesa alinipa tena lile jiwe la njano, nami bila kufikiri nikalilamba.

"Mleteeni na chumvi!" akadakia Ruggero, mwenzangu wa darasa, kutoka nyuma.

Sikumjali. Nilieleza bahari ile ilivyokuja, ilivyotulia na ilivyojiondokea, na Profesa akaacha kujikuna kidevu. Kisha akaniuliza kuhusu volkano.

"Sura hiyo sikuirudia, Profesa, na niliyokariri yameshanitoka. Nilizama kwenye tufo."

"Ishirini na tano."

Kila mtu alijua hesabu zangu: nikiipokea hiyo, sifa kamili imekwenda na maji.

"Kataa, we mjinga!" Ruggero alininong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Si kuna kikao Aprili!"

"Profesa," nikauliza, "ile ishirini na saba ilikuwa ya nini?"

"Ya kumbukumbu."

"Na hii?"

"Ya uliyoyajua mwenyewe."

Nikatia saini kuipokea.

Nilipiga simu nyumbani nikiwa bado kwenye ngazi za chuo.

"Ishirini na tano?" Mama alipiga kelele. "Yaani umerudi, ukashuka? Sasa yule wa ghorofa ya tatu nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie nimemaliza, Mama. Na nina furaha."

"Furaha! Mtu anaalika jengo zima kusherehekea furaha?"

Nikasikia purukushani, simu ikibadilisha mikono, kisha pumzi nzito za Babu Colino, aliyekuja kwetu kungoja matokeo.

"Achana na mama yako. Alikupa jiwe gani?"

Nilikaa chini palepale, machozi yakinilengalenga. Miaka mitatu nilipiga simu nyumbani baada ya kila mtihani, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali tofauti na "Umepata ngapi?"