Posa ya Juu ya Paa

Halabja, mji wa Wakurdi kule Iraki, mtu aliyekuja kuposa hagusi chai mpaka apewe jibu. Ndiyo maana istikani kumi na moja zilikuwa zinapoa sebuleni kwa Perikhan, na Perikhan mwenyewe roho juu. Posa ya binti yake Hataw ilingoja neno la bibi Gelawej, mama yake Perikhan, na bibi alikuwa ameshatimua mbili. Moja, kisa masharubu.

"Familia nzuri," akaanza bibi. "Ila..."

Hapo Shirko, ami yake mposaji, mgeni kutoka mji wa Suleimaniya, akawasha shisha yake uani. Tumbaku ya tufaha.

Harufu ikaingia dirishani, bibi akanyanyuka. Mwaka ule wa themanini na nane, ndege zilipomwaga gesi ya sumu mjini, kwanza ilinukia tufaha. Na gesi ile nzito, hutuama chini: waliojificha mahandakini hawakutoka, waliopanda mlima ndio hawa wanaokula pilau leo.

"Vitambaa vibichi puani. Juu," akasema.

Maji yalikuwa mbali, chai ilikuwa hapo. Kila mwenyeji akachovya mtandio kwenye istikani, akajifunga puani, mbio kwenye ngazi. Wageni nao wakaiga, bila kujua wanakimbia nini. Rebin, mposaji mwenyewe, akambeba bibi mgongoni. Majirani kumwona Gelawej juu ya paa, nao wakapanda yao, mtaa mzima, kinyozi na mteja wake mwenye povu kidevuni.

Chini, Shirko akajitokeza na shisha mkononi. "Jamani, nimekosa nini?"

Mtaa ukaangua kicheko. "Kumbe safari hii gesi ina kitambi," akasema kinyozi.

Perikhan hakucheka. Mama yake Rebin, Bahar, alikuwa na hariri usoni inachuruzika chai. Basi, posa ndiyo imekwenda na maji.

"Mama, tushuke?" akanong'ona.

"Mpaka upepo ugeuke," akajibu bibi. "Mara ile dada zangu walishuka mapema."

Kicheko kikakatika. Bahar akakusanya gauni lake, akaketi kwenye vumbi ubavuni mwa bibi.

"Tutangoja, mama. Sisi hatuna haraka."

Wakangoja saa nzima, moshi wa tumbaku upite, Rebin akimkinga bibi jua kwa koti lake.

"Wapeni binti," akasema bibi hatimaye. "Ila yule wa chini haalikwi harusini."