Machipukizi ya Kaburini

Katunge alifika Tawa saa tatu asubuhi akiwa ameshakunja pua. Safari ya kutoka Kwa Vonza haikuwa na neno. Kilichomtia kinyaa ni boma la kaka yake, na hasa mke wa kaka yake, Mukami, ambaye miaka kumi na tisa baada ya kuolewa kutoka Kerugoya alikuwa bado, machoni pa Katunge, mtu wa kuja.

Hata leo, siku ya kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yao, hakumpa Mukami mkono wa maana. Alimgusa ncha za vidole tu, akapitiliza nyuma ya jiko kutafuta choo, na huko akakuta uchafu wa kumtapisha mtu. Kilikuwa kidimbwi cha maji ya vyombo, cheusi, kina povu la mafuta, maganda ya viazi, kinyesi cha kuku na inzi wasioogopa mkono. Katikati ya uvundo huo kulikuwa na mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo, umefunikwa na majani ya malenge. Akabana pumzi, akapandisha sketi, akavuka. Aliporudi alimwambia Mukami, mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele, kwamba mama yake asingekunywa hata chai penye uoza wa namna ile. Mukami alisema, "Sawa, wifi," akaendelea na mchele wake.

Msalaba ulikuwa shughuli ya kanisa. Kilichomleta Katunge ni waridi.

Mama yao, waliyemwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu kule Sultan Hamud akiwa msichana, na kitu pekee cha thamani alichotoka nacho huko ni mche wa waridi ndani ya kopo. Lilitoa maua mekundu ya kuiva, mekundu kama maini, na harufu yake ilikupokea langoni. Lilikuwa la kupandikizwa: juu waridi lenyewe, chini shina na mizizi ya waridi la mwituni. Kila mvua ikinyesha, mizizi ile ilisukuma machipukizi yake. Mwaitu alikuwa akipiga magoti, anafukua kwa vidole mpaka chipukizi linapoanzia, kisha analing'oa lote, pamoja na kitako chake kilichoshika mzizi. Hakukata kwa kisu, kwa sababu ukikata moja, yanarudi matatu. Aliyaita wezi.

Kabla ya kufa aliomba jambo moja, waridi lake lipandwe kichwani pake. Kaka yake, Muindi, mume wa Mukami na mzee wa kanisa, akasema hilo aachiwe yeye. Miaka miwili ilipita. Katunge aliambiwa kwa simu kwamba kazi imefanyika, tena imependeza, naye akaridhika. Nguo za Mwaitu zilishagawanywa, nyumba yake ya matofali ilishabomolewa. Waridi ndilo lililobaki.

Sasa alisimama kaburini akaona vichaka kumi na viwili vimelizunguka kaburi, virefu kama ua wa kuzuia ng'ombe, miiba mitupu. Maua yalikuwa meupe yaliyofifia, ya petali tano, madogo. Aliinama akanusa. Harufu ilikuwa ya majani tu. Na kina mama wa kanisa wanayapiga picha! Mchungaji mwenyewe alikuwa akisifu jinsi mzee Muindi alivyomtunzia mama yake bustani.

Muindi alieleza bila kuulizwa. Shina la zamani lilikuwa limezeeka, limepinda, halina nguvu, ilhali watoto wake chini walikuwa wananawiri. Kwa hiyo alilifanyia kama anavyofanyia migomba yake kule mtoni: alikata mama, akaacha watoto, akawagawa kumi na wawili, kama makabila ya Israeli. Alitabasamu.

"Kaka," alisema, "miembe yako ya kupandikiza. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, unalifanya nini?"

"Nalitoa. Hilo ni la embe la kienyeji, linanyonya..." Muindi akageuka kuvitazama vichaka.

Mtu ana miembe arobaini, na ole wako umwachie chipukizi moja chini ya kiungo. Lakini ua, ah, ua ni mambo ya wanawake, halihitaji akili! Katunge alimuuliza shina liko wapi. Muindi, akitazama viatu vyake, alisema alilichoma, maana lilikuwa na miiba.

Katunge alitema mate pale pale, mbele ya mchungaji. Kisha akapiga magoti na sketi yake ya kanisani, akaanza kung'oa. Alifukua kwa vidole, akashika chini, akavuta. Miiba ilimchana mikono. Mchungaji alikohoa, akaanzisha pambio ili watu wapate pa kutazama. Alikuwa kwenye kichaka cha nne mtu alipomshika kiwiko.

"Wifi, njoo," Mukami alisema.

Alimpeleka nyuma ya jiko. Katunge alipoona kidimbwi kile alisimama, akadhani anadhihakiwa. Mukami aliingia ndani ya matope na slipa zake, akasogeza majani ya malenge yaliyofunika mtungi. Chini yake kulikuwa na waridi lenye maua mawili, mekundu kama maini.

Akaeleza huku anawafukuza kuku. Siku Muindi alipokata shina, yeye Mukami aliokoa vijiti vitatu kabla ya moto, vya urefu wa penseli, akavichomeka jinsi Mwaitu alivyomfundisha. Viwili vilikufa. Aliuweka mtungi hapa kwa sababu hapa tu ndipo penye unyevu mwezi wa Septemba. Muindi mwenyewe hakuambiwa; Mukami hakutaka kumwaibisha mbele ya kanisa lake.

"Na mimi?" Katunge aliuliza.

"Simu zangu huwa hushiki, wifi."

Katunge alichuchumaa. Maji meusi yaliingia ndani ya viatu. Chini ya waridi, kwenye udongo, aliona chipukizi changa limetokeza, na mkono wake, ambao bado ulikuwa na hasira, ukaenda kuling'oa. Mukami alimshika kifundo cha mkono.

"Liache. Hili halijapandikizwa, limesimama kwa mizizi yake. Kitakachotoka chini ni waridi lenyewe. Mwaitu aliponifundisha kuchomeka, alisema chipukizi la kwanza ni lako."

Katunge aliomba jembe alichimbue. Mukami akasema bado, lazima lishike mizizi yake kwanza, arudi mvua za Novemba zikianza. Kule kaburini walikuwa bado wanaimba. Kando ya mlango wa jiko kulikuwa na beseni la maji ya vyombo, lina mafuta na punje za wali. Katunge alilichukua kwa mikono yake inayovuja damu, akayamwaga taratibu kando ya mtungi, bila kubana pumzi.